Usukani wa handibreki ukae wapi kwenye behewa la modeli?

SWALI: "Nipo Tabora. Mjomba aliniletea kutoka Marekani seti ya kuunganisha behewa la mizigo la modeli, lile la boksi lililofungwa pande zote, la futi 40, kipimo cha 1:87. Juu ya paa lina njia ya mbao ya kutembelea. Kuta na paa nimeshamaliza, imebaki breki ya mkono. Kwenye pakiti kuna usukani mmoja, kasha lake dogo, kijukwaa, silinda, tangi, waya na kipande cha mnyororo, lakini karatasi ya maelekezo ilichanika na ukurasa huo haupo. Babu yangu, aliyekuwa gadi wa treni, anasema handibreki hukaa ubavuni, chini, na ni mkono mrefu wa chuma, siyo usukani. Rafiki yangu anasema ninunue usukani wa pili ili mbele na nyuma palingane. Mimi naona ukikaa katikati kabisa ya ukuta wa mwisho utapendeza zaidi. Nani yupo sahihi? Na nikikosea kuna ubaya gani, maana hili ni la kuweka mezani tu?"

JIBU: Kwanza mpe babu shikamoo yangu, na mwambie hajakosea. Anazungumzia behewa la ukoo mwingine, tutalifikia.

Kwa behewa ulilonalo, usukani ni mmoja tu. Unakaa kwenye ukuta wa mwisho, kwenye ncha ile ambayo ufito wa silinda ya breki unaielekea, na ukisimama nje ukautazama ukuta huo uso kwa uso, usukani unakuwa kushoto kwa katikati. Ukitaka kugandisha leo hii, hilo linakutosha. Lakini una vipande vingine mkononi na karatasi huna, kwa hiyo nakushauri uelewe kwanza breki yenyewe inavuta nini. Ukishaelewa, kila kipande kitakuonyesha mahali pake.

Watu wengi hudhani usukani ule ni wa kusimamishia treni. Hapo zamani ilikuwa hivyo kweli: kabla breki za hewa hazijaenea Marekani, wafanyakazi walitembea juu ya mapaa ya mabehewa treni ikiwa mwendoni, wakifunga breki moja baada ya nyingine, mvua inyeshe, barafu ianguke. Wengi walikufa au kupata vilema. Siku hizi treni husimamishwa kwa hewa, ambayo dereva anaiamuru kutoka kwenye injini. Breki ya mkono imebakiwa na kazi moja kubwa: kulishika behewa lililoegeshwa. Hewa huvuja. Behewa likikatwa kwenye injini na kuachwa saa nyingi kwenye mteremko, hewa iliyo kwenye silinda yake hupungua kidogo kidogo, na breki huachia bila mtu kugusa kitu. Mnyororo uliokazwa kwa mkono hauvuji. Sisi wa Reli ya Kati hatuhitaji kuelezwa treni inayorudi nyuma yenyewe inaweza kufanya nini. Juni 2002 kule Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagonga treni ya mizigo, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha.

Sasa geuza behewa lako miguu juu tuangalie tumboni. Utaona boriti nene inayopita katikati kutoka ncha hadi ncha. Pembeni yake kuna mahali pa silinda, na kwenye silinda kuna ufito unaochomoza. Hewa ikiingia, pistoni inausukuma ufito huo nje, nao unasukuma ncha ya wenzo, yaani kile chuma bapa kilicholala kukatiza behewa. Wenzo huo umeunganishwa na mwenzake kwa chuma kingine, na kutoka kwenye nyenzo hizo mbili fito zinakwenda kwenye bogi ya mbele na bogi ya nyuma, yaani yale mafremu mawili yenye magurudumu yaliyo chini ya behewa. Huko zinavuta breki shuu, vile vipande vizito vya chuma vinavyobana uso wa gurudumu. Silinda ni moja, bogi ni mbili, zote zinafunga pamoja.

Breki ya mkono haina njia yake ya pekee. Inakuja kushika wenzo uleule, kwenye ncha ileile ambayo pistoni inaisukuma. Mtu anapozungusha usukani, mnyororo unajikunja ndani ya kasha, unavuta ufito ulioshuka ukutani, chini kwenye kona kuna kikombo cha chuma kinachogeuza mvuto wa kwenda juu uwe mvuto wa kulala, na ufito mwingine mrefu unakwenda kuuvuta ule wenzo. Hewa inausukuma kutoka nyuma, mkono unauvuta kutoka mbele, na wenzo unakwenda upande mmoja. Ndiyo maana usukani lazima uwe kwenye ncha ambayo ufito wa silinda unaielekea. Ukiuweka ncha ya pili, mkono utakuwa unavuta kinyume cha hewa, na aliyekaza breki atakuwa ameifungua. Wamarekani wameipa ncha ya usukani jina la ncha B, na ya pili ncha A. Hata namba za magurudumu na majina ya kushoto na kulia ya behewa huanzia ncha B.

Hapa ndipo kosa la kawaida kuliko yote hutokea. Sakafu za seti nyingi huingia kwenye boksi vilevile ukizigeuza, na hakuna kinachokataa. Mtu anagandisha usukani vizuri, kushoto, kwa kipimo, halafu anarudisha sakafu ikiwa imegeuka, silinda inasukuma kuelekea ncha A. Kwa hiyo kabla ya yote, chukua penseli uandike herufi B ndani ya ukuta wa mwisho na B nyingine kwenye sakafu, upande ambao ufito wa silinda unaelekea. Herufi hizo zikutane. Ukiwa umelipindua behewa miguu juu, kushoto na kulia hubadilishana, na macho yatakudanganya; penseli haitakudanganya.

Tuje kwenye kushoto na katikati. Kuweka katikati, kama ulivyopenda, haiwezekani kwa sababu ya kile kilichopo chini: ile boriti kuu, na mbele yake kiunganishi cha mabehewa. Ufito ukishuka katikati utakutana na vyuma hivyo. Inabidi upite kando. Sababu ya pili ni ngazi. Kwenye mabehewa haya, ukitazama ubavu, ngazi ipo mkono wa kulia. Ukizunguka kona hiyohiyo na kuutazama ukuta wa mwisho, ngazi ya ukutani ipo mkono wa kushoto. Mfanyakazi anapanda kona hiyo, na usukani unamsubiri karibu. Hayo yote yaliwekwa kwenye kanuni za usalama za Marekani za mwaka 1911, baada ya sheria ya 1910. Kwa behewa la boksi, zilitaka mhimili wa breki uwe kushoto, si chini ya inchi 17 wala zaidi ya inchi 22 kutoka katikati. Gawanya kwa 87 na utapata kati ya milimita 5 na milimita 6.4. Kwa hiyo chora mstari mwembamba wa penseli katikati ya ukuta, pima milimita 5 na nusu kwenda kushoto, na hapo patakuwa sahihi. Kama ukuta wa seti yako tayari una alama au tundu dogo karibu na hapo, lifuate hilo, maana kiwanda kimeiga behewa fulani halisi.

Ukubwa nao ukague. Usukani halisi ulipaswa uwe na kipenyo kisichopungua inchi 15, na 16 ndiyo iliyopendelewa. Inchi 16 kwa kipimo chako ni milimita 4.7. Ukiona usukani wa pakitini una milimita 7, basi umetoka kwenye seti ya kipimo kingine. Kanuni zilitaka pia nafasi ya inchi 4 kuzunguka ukingo wa usukani ili vidole visibanwe. Kwako hiyo ni milimita 1.2. Kwa hiyo usiusukumize ukabanana na ngazi. Kijukwaa kinakaa chini ya usukani, mahali ambapo mtu akisimama mikono yake inaufikia bila kujinyoosha.

Kuhusu urefu kutoka chini, njia yako ya mbao juu ya paa imeshatoa jibu. Behewa lenye njia ya paa ni la enzi ambayo watu walipanda juu, kwa hiyo usukani unakaa juu ukutani, karibu na paa. Kuanzia mwaka 1966 mabehewa mapya ya boksi yalianza kutengenezwa bila njia hizo, na usukani ukashushwa. Sasa, kwa kuwa pakiti yako ina kasha, usukani wako ni wa giya, unaosimama wima umeelekea nje kama saa ya ukutani. Aina hii ilienea kwenye mabehewa mapya kuanzia miaka ya 1930, na makasha yake yana sura tofauti kulingana na mtengenezaji: Ajax, Miner, Universal na wengineo. Kabla ya hapo usukani ulilala bapa juu ya mhimili mrefu uliosimama ukutani, mnyororo ukajizungushia chini ya mhimili, na mtu aliongeza nguvu kwa kupitisha rungu la mbao kwenye usukani. Usichanganye. Kasha la giya pamoja na mhimili mrefu wa zamani kwenye ukuta mmoja ni kitu ambacho fundi hakukitengeneza.

Sasa babu. Behewa analolisema lipo, na wengi waliokulia kwenye reli zilizofuata desturi za Kiingereza wanalijua: mkono mrefu wa chuma uliolala ubavuni, unaoushusha kwa kuukanyaga au kuukandamiza, kisha unaufungia kwa pini kwenye chuma chenye matundu. Uingereza nako mwaka 1911 zilitoka kanuni zilizotaka mikono hiyo iwe pande zote mbili za behewa, na ukitazama ubavu wowote mkono uwe upande wa kulia. Sababu ni kwamba mfanyakazi alikuwa anavuka katikati ya mabehewa kuifuata breki iliyo upande wa pili, na huko ndiko alikobanwa.

Hapo pana fumbo zuri, nalo wapenzi wa modeli huliharibu kila siku. Kama mikono yote miwili iko kulia, basi mmoja unaelekea ncha hii na mwingine unaelekea ncha ile. Lakini mikono yote miwili inazungusha mhimili mmoja unaopita chini ya behewa. Ukikandamiza mmoja, mhimili unazunguka upande wa kufunga. Ukikandamiza mwingine, ungezunguka upande wa kufungua! Waingereza walilitatua kwa kifaa kiitwacho klachi ya Morton: upande mmoja wa behewa, kati ya mkono na mhimili, kuna vipande viwili vya chuma vyenye meno vinavyogeuza mzunguko. Mikono yote miwili ukiikandamiza, breki inafunga. Kwenye modeli, kidude hicho kiwe upande mmoja tu. Ukikiweka pande zote mbili umerudi palepale. Nimeona modeli za bei kubwa zenye kosa hilo, na mwenye nazo hana habari.

Kwa hiyo babu anaongelea mkono wa ubavuni, wewe una usukani wa ukutani. Reli tofauti, desturi tofauti. Kumwekea boksi la Kimarekani mkono wa Kiingereza hakutamfurahisha hata yeye.

Rafiki yako wa usukani wa pili mwambie ahifadhi hela yake. Yapo mabehewa machache yenye breki mbili za mkono, na hata hayo ncha B huamuliwa na uelekeo wa ufito wa silinda. Boksi la futi 40 la kawaida lina usukani mmoja, na huo mmoja unafunga bogi zote mbili, kama tulivyoona.

Twende mezani. Anza na sakafu: silinda, kisha wenzo, kisha ufito mrefu wa kuelekea ncha B. Baadaye ukuta: kasha, usukani, kijukwaa, ufito unaoshuka. Mnyororo uje mwisho kabisa, kwa sababu ndio unaoonyesha kama vyote viwili vimekutana. Ukilipanga behewa lionekane limeegeshwa, mnyororo ukazwe. Ukilitaka lionekane liko safarini, uachie ulegee kidogo, kwa sababu breki iliyofungwa huku behewa linakimbia ni gurudumu linalochomwa moto.

Kabla ya kutoboa, bonyeza ncha ya sindano pale ulipopima ili drili isiteleze. Drili ndogo ya kuzungusha kwa vidole, ya milimita 0.5, inatosha. Wapo wanaotoboa kwa sindano iliyopashwa moto. Inawezekana, ila plastiki huvimba kuzunguka tundu na utalazimika kuiparaza kwa wembe, na mara nyingi tundu linakuwa kubwa kuliko ulivyotaka. Kama drili huna, bora uguse kidogo gundi upande wa nyuma wa kasha na kuligandisha bila tundu.

Waya wa pakitini ukikatika usihangaike kuagiza ng'ambo. Nenda kwa fundi umeme, omba kipande cha waya laini wa milimita za mraba 1.5. Ndani yake kwa kawaida kuna nyuzi 30 za shaba zenye unene wa milimita 0.25 kila moja. Uzi mmoja ukiubana pande mbili kwa koleo na kuuvuta taratibu, unanyooka na kuwa mgumu kidogo. Kwa kipimo cha 1:87 unaiga chuma cha milimita 22 hivi, kiasi cha kufaa kabisa kwa ufito wa breki.

Supaglu inauzwa kila duka, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Usiimimine kutoka kwenye chupa. Weka tone juu ya kipande cha bati, chovya ncha ya sindano, gusa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki, hasa ukiweka nyingi na kulifunika behewa ndani ya boksi, kwa hiyo liache wazi mahali penye hewa. Na kama utalipaka rangi, ugandishe usukani kabla ya rangi, siyo baada, isipokuwa unataka uonekane umebadilishwa baadaye.

Kitu ambacho vitabu vya picha havikwambii: kona za reli ya mezani ni kali mno kuliko za reli halisi, kwa hiyo bogi za modeli hugeuka zaidi. Ufito unaopita vizuri behewa likiwa limetulia unaweza kugusa gurudumu kwenye kona, na behewa likaruka nje. Zungusha bogi kwa kidole hadi mwisho wake, kushoto na kulia, kabla gundi haijashika. Na kama reli zako ni za umeme, ambapo kila reli inabeba upande wake wa umeme, waya wa shaba ukigusa magurudumu ya chuma ya pande zote mbili kwa pamoja utapiga shoti. Upake rangi, au uukate milimita moja kabla ya bogi, hakuna atakayeona.

Je, uweke na mabomba yote ya hewa tumboni? Yatakula muda mwingi, na behewa likishasimama hayaonekani. Kwa behewa la kwanza, weka silinda, tangi la hewa, nyenzo na njia ya breki ya mkono. Mabomba yaache. Ubavuni mwa meza mtu anaona ule ufito na mnyororo, na hivyo ndivyo vinavyofanya behewa lionekane lina uzito.

Umeuliza ubaya wa kukosea. Kwa behewa la mezani, hakuna atakayeumia, na kama umeshagandisha kulia badala ya kushoto na ukuta utapasuka ukibandua, liache. Lakini kama bado hujagandisha, kuweka sahihi kunachukua muda uleule wa kuweka vibaya. Ukilionyesha kwa wanafunzi wa Chuo cha Reli hapo Tabora, jicho la kwanza litakwenda huko.

Kazi nyingine si za kufanya peke yako kwa kusoma. Kama mnyororo umekatika na unataka kuuchomelea kwa risasi, mpelekee sonara. Ana koleo, moto mdogo na mkono uliozoea pete, na mbele ya plastiki moto huo utayeyusha ukuta wako wote. Supaglu ikikuingia jichoni, suuza kwa maji safi ya vuguvugu na uende hospitali, usijaribu kufungua kope kwa nguvu. Ikigandisha vidole, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na uvibandue taratibu.

Na ukishamaliza hili, ukatamani kutengeneza behewa la huku kwetu, jua kwamba reli ya zamani iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ina upana wa milimita 1000. Kwa 1:87 inakuwa karibu milimita 11.5, na watu hutumia reli ya modeli ya milimita 12. Reli za milimita 16.5 zinazofaa behewa lako la sasa ni za upana wa milimita 1435. Hapo usinitegemee mimi wala picha za Marekani. Nenda stesheni na babu, muombe ruhusa stesheni masta, mweleze unachotaka, na mwambie fundi wa mabehewa akuonyeshe breki ya behewa moja lililosimama: mkono uko wapi, ufito unakwenda wapi, silinda inatazama wapi. Chora, na kama umeruhusiwa piga picha ukiwa umesimama pembeni. Usiingie chini ya behewa wala kupita kati ya mawili, hata yakionekana yamelala hapo tangu mwaka jana.